Kosa la Mpakiaji, Faini ya Dereva

Ukipishana na lori la shaba linalotoka Kongo kuelekea Dar es Salaam, unaweza kudhani linarudi tupu. Juu ya tela kuna mafungu machache ya mabamba yaliyofungwa kwa mikanda na minyororo, na sehemu kubwa ya bodi iko wazi. Shaba ni nzito kuliko inavyoonekana. Tani 30 zake hazihitaji nafasi kubwa. Kwa hiyo kinachoamua safari ya dereva si wingi wa mafungu, bali mahali yalipowekwa. Chukua tela ambalo kutoka kwenye pini ya kuungia kichwa hadi katikati ya ekseli zake ni mita 7.5. Mzigo wa tani 30 ukisogezwa nusu mita tu kwenda mbele, tani 2 huhama kutoka ekseli za tela na kukaa juu ya kichwa. Uzito wa jumla haujabadilika hata kilo moja, lakini lori lililokuwa halali sasa lina kosa.

Aliyeyapanga mafungu hayo ni mwendesha winchi wa mgodini au wa ghalani. Dereva alikuwa pembeni akisubiri kuitwa atie sahihi kwenye karatasi. Akishafika kwenye mizani ndipo anaambiwa ekseli za nyuma za kichwa zimezidi, asogeze gari pembeni, apange upya. Apange upya kwa kifaa gani? Fungu moja la shaba lina tani kadhaa, winchi ilibaki mgodini, na simu ya ofisi inalia ikiuliza gari limesimama kwa sababu gani.

Malalamiko mengi ya madereva wa masafa marefu, ukiyafuatilia mpaka mwisho, yanafika hapa. Gari ni la tajiri, mzigo ni wa mteja, ratiba ni ya ofisi, mafuta yamepimwa na mtu mwingine, lakini anayesimamishwa barabarani ni yule mwenye leseni mfukoni. Sheria zetu za barabara, nyingi zikiwa na sababu nzuri kabisa, zimetungwa kana kwamba mshika usukani ndiye mwenye kauli juu ya lori zima. Hana. Na kwa kuwa hana, sheria hizo zinamwadhibu bila kumrekebisha yule aliyesababisha kosa.

Sheria ya uzito ndiyo mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu yenyewe ni sheria sahihi. Kati ya 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakaendesha malori juu yake karibu bila kupumzika ili wapime barabara inavyochakaa. Walichokipata bado kinaongoza hesabu za barabara duniani: uharibifu haupandi sawasawa na uzito wa ekseli, unapanda takribani kwa kipeo cha nne. Ekseli iliyobeba uzito maradufu haiumizi lami mara 2 bali mara 16. Ukichukua kundi la ekseli lililoruhusiwa tani 18 ukaliweka tani 20, umeongeza uharibifu kwa nusu nzima. Hata asilimia 5 ya ziada, ambayo wasafirishaji huiona kama kitu kidogo, inaongeza zaidi ya sehemu ya tano. Kila anayejua mawimbi ya lami kwenye njia ya kupanda, yale yanayolirusha gari dogo mpaka dereva anashindwa kulishika, anajua hesabu hiyo hata kama hajaisoma.

Kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki haikukosea ilipotunga sheria moja ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Ekseli ya usukani tani 8, ekseli 2 za nyuma za kichwa tani 18, ekseli 3 za tela tani 24. Ukijumlisha, semi ya kawaida ya ekseli 6 inaishia tani 50, na gari kubwa kabisa la ekseli 7 linaishia tani 56. Faini yake huhesabiwa kwa dola na hupanda kadiri uzito unavyozidi. Barabara ni mali ya watu wote, anayeiumiza alipe.

Swali ni nani anayeiumiza. Oktoba 2013 aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wa Tanzania, John Magufuli, aliondoa nafuu ya asilimia 5 iliyokuwa ikitolewa kwenye mizani. Wamiliki wa malori wakasimamisha magari, mizigo ikakwama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaagiza nafuu irudi kwanza wakati mazungumzo yanaendelea. Mjadala ule ulikuwa wa waziri na matajiri. Upande mmoja ulitetea lami, upande mwingine ukatetea faida, na kila upande ulikuwa na hoja. Madereva wa magari yaliyopangwa kando ya barabara, waliolala humo ndani wakila posho ya safari ambayo haikuongezwa, hawakuulizwa lolote. Tangu wakati huo viwango vimejadiliwa mara nyingi; suala la nani aliyepakia halijapewa hata nusu ya muda huo.

Kuna lalamiko la madereva ambalo maofisa wengi hulichukulia kama kisingizio: kwamba mizani mbili hazisemi kitu kimoja. Gari linapita salama mizani ya kwanza, linakamatwa ya pili, na njiani halijaongezwa hata gunia. Hiki si kisingizio. Pale ambapo gari hupimwa kundi moja la ekseli baada ya jingine, kama jukwaa la mizani halikulingana sawasawa na lami inayolizunguka, springi hubonyea kwa namna tofauti na uzito huhamia ekseli jirani. Dereva akikanyaga breki wakati wa kupimwa, uzito unasogea. Mafuta ndani ya tanki hucheza. Mzigo wa magunia hujisogeza mbele kidogo kidogo kila breki inapokanyagwa kutoka Chalinze hadi Makambako. Mvua huingia kwenye turubai na mbao za bodi. Na dizeli yenyewe ya gari isisahaulike: lita 800 zina zaidi ya kilo 650, nazo zimekaa kwenye kichwa, kwa hiyo lori linalotoka Dar es Salaam na tanki zilizojaa huwa na kichwa kizito kuliko wakati wowote linapofika kwenye mizani ya Vigwaza. Dereva mzoefu anayajua haya yote kwa mwili wake. Anachokosa ni mahali pa kuyasema yakasikilizwa kama ushahidi.

Kontena ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu hapo hata kuona haoni. Tangu Julai 1, 2016, kanuni za usalama wa bahari duniani zinataka kila kontena lenye mzigo lithibitishwe uzito wake kabla halijapandishwa melini. Maana yake kontena linaloteremshwa Dar es Salaam au Mombasa lina uzito unaojulikana kwenye karatasi. Lakini uzito huo ni wa jumla. Hauelezi kwamba mashine nzito imesukumwa kwenye kona moja na upande wa mlango umejazwa maboksi ya plastiki. Aliyepakia yuko Guangzhou au Mumbai. Kontena limepigwa sili ya forodha, na dereva akithubutu kuigusa anaingia kwenye kosa kubwa kuliko la uzito. Anakabidhiwa kitu asichoruhusiwa kukifungua, kisha anaulizwa kwa nini hakukipanga vizuri.

Ankara ya mizani kwa kawaida hulipwa na kampuni. Hapo ndipo wengi husema dereva ana nini cha kulalamikia. Waulize madereva: katika makampuni mengi fedha hiyo hukatwa kwenye mshahara au posho, bila kikao wala barua. Sheria ilimlenga msafirishaji, msafirishaji akaishusha chini mpaka kwa mtu wa mwisho asiye na wa kumshushia.

Upande wa vifaa, maumivu ni yaleyale ila yanakuja na hatari ya kifo. Lori linalorudi na shaba hushuka Kitonga, Iringa, likiwa na uzito wa jumla wa tani 50. Linalokwenda Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia, hushuka Iwambi kuelekea Mbalizi, mteremko ambao watu wa Mbeya wanaujua kwa ajali za malori yaliyokosa breki. Upande wa Kenya kuna Salgaa na Sachangwan, ambako baada ya vifo vingi ilibidi njia ya kupanda itenganishwe na ya kushuka. Baada ya kila ajali ya namna hii taarifa huwa fupi: dereva alishindwa kulimudu gari.

Kulimudu kwa kitu gani? Breki ya lori haikutengenezwa ili ikanyagwe kilomita kadhaa mfululizo. Ngoma ya breki ikipata moto hutanuka na kujitenga na vipande vinavyotakiwa kuibana, navyo vikichemka hupoteza mshiko, hata kama upepo kwenye matangi umejaa. Ndiyo sababu mwalimu wa udereva husisitiza gia nzito na breki ya injini tangu juu ya mlima. Sasa mwangalie dereva aliyepimiwa mafuta. Tajiri amempa lita za tripu, zimehesabiwa kwa umbali na si kwa foleni wala kwa milima. Zikiisha kabla ya kufika ni juu yake. Kwa hiyo anajifunza kutafuta lita pale zinapopatikana, na mahali rahisi ni mteremkoni: anatia gari frii, injini inanguruma polepole, mafuta yanakwenda kidogo. Kwa kufanya hivyo ameitupa breki ya injini na kuacha tani 50 zishikiliwe na ngoma peke yake. Huko Salgaa tabia hii ya frii ilitajwa hadharani kuwa miongoni mwa sababu za ajali. Kilichosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba frii huanza ofisini, kwenye daftari la anayegawa mafuta.

Simtetei anayetia frii Kitonga. Anahatarisha basi lililo mbele yake na watoto waliomo. Lakini kumfunga peke yake na kuliacha daftari lile lile litumike kwa dereva atakayeajiriwa kesho ni kujiandalia ajali nyingine.

Halafu kuna lori lenyewe, ambalo mara nyingi limeshamaliza maisha yake ya kwanza Ulaya. Liliundwa kwa nchi yenye baridi, barabara laini, dizeli safi sana na gereji yenye kompyuta kila baada ya mwendo mfupi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mnamo Januari 2015, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini malori mapya ya Ulaya yamepangwa kwa sehemu 10. Vichujio vya moshi huziba na vitambuzi hutoa taarifa za makosa. Gari likiona kosa hujipunguzia nguvu lenyewe ili lisiharibike, na halichagui mahali: linaweza kufanya hivyo katikati ya mlima, usiku, na foleni ya mabasi nyuma. Dereva hana kompyuta ya kulisoma. Ana simu, fundi wa mbali anayebahatisha, na pengine nyaya zilizokwisha kukatwa na fundi mwingine ili taa ya hatari isiwake tena. Baada ya muda anazoea kuendesha gari ambalo dashibodi yake haisemi kweli. Akikutana na ukaguzi, ni yeye anayeulizwa kwa nini kifaa hakifanyi kazi.

Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, jambo jingine humkuta ambalo wasiosafiri hawalifikirii. Tanzania na Zambia tunaendesha kushoto. Kongo wanaendesha kulia. Usukani uliomweka karibu na katikati ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi mpakani sasa unamweka ukingoni. Akitaka kulipita gari la mbele, kichwa cha lori kinabidi kitoke chote ndipo macho yake yaone kinachokuja. Zamani utingo ndiye aliyekuwa jicho la upande wa pili. Baadhi ya makampuni yamemwondoa ili kubana matumizi, dereva akabaki na vioo. Anayekwenda Rwanda kupitia Rusumo anakutana na mabadiliko hayohayo.

Kuondoka kwa utingo kumeacha pengo kubwa kuliko mshahara wake. Lori likiharibika usiku, nani atakaa na mzigo dereva akienda kutafuta mtandao wa simu? Sheria inataka pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe barabarani, na ni haki. Lakini pembetatu hukanyagwa, huibiwa, au zilinunuliwa za bei rahisi zisizong'aa, na ndipo dereva anapokata matawi ya miti na kuyatandaza kwenye lami kama wenzake walivyomfundisha. Anaweka mawe kwenye tairi ili gari lisirudi nyuma. Likitengemaa anaondoka kwa haraka, mawe yanabaki. Hapa madereva wenyewe wanadaiwa: jiwe lililoachwa barabarani limeua wapanda pikipiki wengi wasio na hatia, na kuliondoa hakuhitaji kibali cha tajiri.

Tairi nazo zina siasa yake. Dereva hukabidhiwa tairi kwa namba. Moja ikipasuka, anatakiwa arudi na mabaki yake kama ushahidi kwamba hakuiuza, na kama ofisi itaamua kwamba alizembea, analipa. Lakini tairi hupasuka kwa sababu pacha yake ina upepo mdogo na yenyewe imebeba peke yake mzigo wa mbili. Au kwa sababu ni kuukuu iliyobandikwa mpira mpya. Au kwa sababu mzigo uliegemea upande mmoja tangu ghalani. Dereva anayeogopa kukatwa hatasema tairi imeanza kuvimba. Ataiombea ifike.

Tuje kwenye muda, maana hapo ndipo sheria zenyewe zinapogongana. Sheria ya barabara ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Ni sheria ya kuokoa maisha. Usingizi huua kama pombe. Lakini mzigo wa kupita nchi hufungwa sili ya kielektroniki inayofuatiliwa kwa setilaiti, mfumo ambao Kenya, Uganda na Rwanda ziliuunganisha mwaka 2017. Mfumo huo umesaidia sana dhidi ya wizi na dhidi ya mizigo ya kwenda nje kushushwa kimyakimya ndani ya nchi. Umemwambia dereva pia kwamba kusimama mahali pasipotarajiwa ni jambo la kutiliwa shaka. Kifaa kikipoteza mtandao au kikiisha chaji, anatafutwa yeye. Sheria moja inamwambia apumzike, nyingine inamuuliza amesimama wapi, na kati ya hizo mbili hakuna maegesho ya kutosha yenye taa, choo na mlinzi. Anayelala pembeni ya barabara huamka tanki limenyonywa. Na dizeli iliyoibiwa, kama ulivyokwisha kuona, ni deni lake.

Juu ya yote hayo, wengi hulipwa kwa tripu. Gari likifika, posho inaingia. Likikaa foleni Tunduma au Kasumbalesa siku nyingi, siku hizo hazina bei. Ndipo unapoelewa kwa nini mtu aliyepoteza muda mpakani huupigania usiku barabarani. Ulaya walilitambua jambo hili katika kanuni yao ya mwaka 2006 ya saa za udereva. Hawakuishia kuweka kikomo cha saa 9 kwa siku na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu. Walikataza pia kampuni kumlipa dereva kwa umbali au kwa wingi wa mzigo pale malipo hayo yanapohatarisha usalama, na wakaifanya kampuni iwajibike kwa makosa ya dereva wake. Walielewa kwamba huwezi kumwamuru mtu alale huku mshahara wake unamwamuru asilale. Sisi tumechukua kikomo cha saa na kukiacha kifungu cha malipo.

Mpakani pamebadilika kwa kiasi, na ni vema kusema kweli. Kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na wazo lake ni zuri: gari lisimame mara moja badala ya mara mbili. Kabla ya hapo, kuanzia 2014, Afrika Mashariki ilianza utaratibu wa forodha moja, ambapo ushuru wa mzigo wa Uganda au Rwanda hushughulikiwa bandarini kabla lori halijaondoka. Huu ni ushahidi kwamba taratibu zikipangwa vizuri humwondolea dereva mzigo. Lakini jengo moja likiwa na taasisi nyingi zisizosomana mifumo, bado dereva ndiye anayebeba karatasi kutoka dirisha hadi dirisha, akiwa na hati ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano, Kadi ya Njano ya COMESA ya bima ya gari na nyaraka za mzigo ambazo wakala wa forodha alikosea herufi moja. Kosa la herufi la wakala huyu, tena, humwangukia dereva.

Mwaka 2020 ulionyesha jambo hili bila pazia. Corona ilipoingia, madereva ndio waliokuwa watu pekee waliovuka mipaka kwa wingi, wakapeleka dawa, mafuta na chakula. Walipimwa, wakapimwa tena upande wa pili kwa sababu nchi moja haikuamini cheti cha nyingine, wakasubiri majibu kwenye foleni ndefu za Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na Mei mwaka huo Zambia ikaufunga kabisa mpaka wa Nakonde kwa muda. Magazeti yaliandika kuhusu mizigo iliyokwama. Waliokwama ni watu, tena wakitazamwa vijijini kama waleta ugonjwa.

Kuhusu mwendo nisirefushe. Kilomita 50 kwa saa penye makazi ni haki ya mtoto anayevuka kwenda shule, na lori zito halina utetezi hapo. Lakini kibao cha kuanzia 50 kiwe na kibao cha kumalizia. Pale ambapo cha mwisho kimeanguka na trafiki mwenye tochi amekaa mbele yake, serikali inatoza kosa ambalo yenyewe imeshiriki kulitengeneza.

Madereva wameshawahi kujaribu kusema kwa pamoja. Aprili 10, 2015, madereva wa mabasi na malori Tanzania waligoma, wakipinga pamoja na mambo mengine sharti la kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, na wakidai mikataba ya ajira. Nchi ilisimama kwa saa kadhaa na serikali ikarudi nyuma kwenye lile sharti la masomo. Suala la mikataba halikupata haraka hiyohiyo. Nadhani kipaumbele kilipaswa kuwa kinyume. Dereva kusoma upya ni jambo jema, hasa kwa anayebeba salfa na kemikali za migodini. Anayepaswa kulipia masomo hayo ni anayenufaika na kazi. Bila mkataba ulioandikwa, kila kanuni nyingine, ya saa, ya mizani, ya tairi, itaendelea kuteremka mpaka kwake.

Dawa ya kumtwika dereva makosa ya wengine inajulikana na haihitaji kubuniwa. Australia, tangu Oktoba 2018, sheria yao ya magari mazito inamwajibisha kila aliye kwenye mnyororo wa usafirishaji: anayepakia, anayefunga mzigo, anayepanga ratiba, anayeajiri, hata meneja wa kampuni. Ratiba isiyowezekana bila kukimbia ni kosa la aliyeiandika. Hapa kwetu mizani za kisasa zinazopima gari likiwa linatembea, kama za Vigwaza, tayari zina kumbukumbu ya kila ekseli. Ukiona kampuni moja, kutoka ghala moja, inazidisha ekseli zilezile kwa madereva tofauti wiki baada ya wiki, huhitaji upelelezi kujua tatizo liko wapi. Takwimu hizo zipo. Zitumiwe kumfuata mwenye ghala.

Ombi langu kwa mawaziri wa uchukuzi na wa ujenzi wa Jumuiya ni dogo kuliko sheria mpya. Mzigo wowote mzito usitoke kwenye geti la mgodi, la ghala au la bandari bila karatasi inayoonyesha uzito wa kila kundi la ekseli, yenye jina na sahihi ya aliyepakia. Karatasi hiyo isafiri na dereva pamoja na nyaraka nyingine. Lori likikutwa limezidi kwenye mizani ya kwanza na sili haijaguswa, faini iandikwe kwa jina lililo kwenye karatasi hiyo, na iwe marufuku kwa kampuni yoyote kuikata kwenye posho ya dereva.